Unda saa ya simu inayohesabu kama nyanyako

Toa simu mfukoni uangalie saa. Tuseme imeandika 7:00 asubuhi. Sasa mpigie nyanyako kule Kendu Bay au Uriri umuulize ni saa ngapi. Akijibu kwa Kiswahili atakwambia saa moja. Akijibu kwa Dholuo atakwambia saa achiel, ambayo ni moja hiyo hiyo. Wewe ukiwa na mabeshte zako utasema 'seven'. Hakuna aliyekosea, ila simu imeshachagua upande wake.

Umezoea hadi huoni tena. Kichwani unatoa sita, unaongeza sita, haraka kama makanga anayegawa chenji. Tabu huanza pale namba inapoandikwa. Rafiki akikutumia ujumbe 'tupatane Lwang'ni saa 7', unafika saa ngapi? Kama alikuwa akifikiria kwa Kiswahili, samaki watakuwa mezani mchana, jua likiwa utosini. Kama alikuwa akifikiria kwa Kizungu, basi ni jioni, giza likiingia ziwani. Ukikosea utakaa ufuoni pekee yako saa sita nzima ukihesabu mashua.

Nenda Isebania, uvuke upande wa Sirari ukate tiketi ya basi la Mwanza. Mara nyingi tiketi itaandikwa 'saa 12:00 asubuhi', na Mtanzania anajua ni alfajiri, simu ya Mkenya ikiwa imeandika 6:00. Wewe uliyelelewa na simu unaweza kuona hiyo 12:00 ukadhani una muda wa kulala, kuoga na kunywa chai. Basi halikungoji, bana.

Basi linaweza kukatiwa tiketi nyingine. Dawa ni kitu kingine. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipata kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima katika Kaunti ya Homa Bay wanaishi na HIV, na asilimia 13.0 Migori, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa asilimia 4.9. Nyuma ya namba hizo kuna maelfu ya watu, baadhi yao umri wako, wanaomeza tembe kila siku saa ile ile. Ongeza wenye kisukari, wa shinikizo la damu, na wanaomaliza dozi ya kifua kikuu. Mhudumu wa afya akisema 'saa mbili usiku', mgonjwa anaelewa mara moja. Kisha anafungua simu kuweka alamu, na simu inamuuliza kwa lugha nyingine ya namba: AM au PM? Mzee aliyeambiwa saa mbili akiweka 2:00, alamu italia saa nane, wakati ambao hakuna aliyemwambia ameze chochote.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Unaweza kuunda saa ya kukaa kwenye skrini ya simu, inayohesabu kama watu wa kwenu wanavyohesabu. Si mradi wa miaka mitatu na wafadhili. Ni kazi ya wikendi moja au mbili, na humo ndani utajifunza upangaji programu kuliko video ishirini za 'jifunze kodi kwa siku moja'.

Na usiseme simu yako ni ndogo. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ilitoa kompyuta ya kiganjani iliyoitwa Pilot 1000, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye WhatsApp ina uzito kuipita. Hata hivyo vijana wa huko waliiandikia saa, kalenda, michezo, kila kitu. Android nayo ilipotoka mwaka 2008, kwenye skrini yake ya mwanzo kulikuwa na saa kubwa ya mishale. Mwaka 2009, toleo la 1.5 likafungua mlango kwa yeyote kuunda wijeti, yaani kile kidude kinachokaa kwenye skrini ya mwanzo kikifanya kazi bila wewe kufungua apu. Mwaka 2011 Safaricom ikaleta Huawei IDEOS kwa takriban Sh8,000, na hapo simu ya Android ikaanza kuonekana mikononi mwa watu wasio na mshahara mkubwa. Tangu hapo mlango uko wazi.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, jaribu hili. Fungua apu ya saa iliyo kwenye simu yako, nenda kwenye saa za dunia, uongeze mji wa Tokyo. Hakikisha simu inaonyesha saa 12, si 24. Angalia sasa. Hapa ikiwa 7:00 asubuhi, Tokyo ni 1:00. Hapa ikiwa 9:30, Tokyo ni 3:30. Saa tatu na nusu! Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili na haibadilishi saa zake wakati wa kiangazi, kwa hivyo mwaka mzima Tokyo inasoma saa ya Kiswahili bila kujua. Kuna siri ya pili humo, nitaifikia.

Ukishaona hivyo, hesabu yenyewe inakuwa rahisi. Chukua saa ya simu, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, ubaki na salio. Salio likiwa sifuri, andika 12. Kwa JavaScript ni mstari mmoja:

const saa = (new Date().getHours() + 6) % 12 || 12;

Ijaribu kwa mkono. Saa 7 ongeza 6 ni 13, toa 12, inabaki 1. Saa 18 ongeza 6 ni 24, salio sifuri, kwa hivyo ni 12: saa kumi na mbili jioni. Saa sifuri ya usiku ongeza 6 ni 6: saa sita usiku. Mstari huu ukiutia kwenye faili ya HTML, ukauambia ujirudie kila sekunde, una saa inayofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, bila bando. Apu ya kuandikia maandishi matupu inatosha; hata kipakatalishi hukihitaji.

Wengi huishia hapo, wakaiita saa ya Kiswahili. Mimi siiti hivyo. Saa inayoandika 1:05 pekee ni hatari kuliko ile ya kawaida, maana sasa hakuna anayejua 1:05 ni ya nani. Saa ya Kiswahili ni namba pamoja na neno: saa moja na dakika tano asubuhi. Na neno ndilo kazi.

Simu yako tayari ina maneno haya. Android na iPhone huchota majina ya siku, miezi na vipindi kutoka kwenye hazina inayoitwa CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode. Kwa Kiswahili humo kuna alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na mipaka yake: alfajiri inaanza saa kumi, asubuhi saa moja, mchana saa sita, jioni saa kumi, usiku saa moja. Maneno yapo, lakini hesabu ya saa ndani ya simu inabaki ya Kizungu.

Hata mipaka yenyewe ina kesi. Uliza mtu wa Rongo, 7:00 ya kuingia usiku ni saa moja jioni au saa moja usiku? Wakenya wengi watasema jioni, na wanangoja taarifa ya habari ya saa moja jioni. CLDR inasema usiku umeanza. Na 6:00 ya asubuhi, je? Hazina inasema alfajiri. Mwalimu wako wa shule ya msingi alisema fika saa kumi na mbili asubuhi, na ungechelewa ungeona cha mtema kuni. Hapa hakuna jibu la kitabuni. Tembea, uliza watu kumi sokoni Oyugis na kumi steji ya Migori, uandike wanavyosema, kisha uweke mipaka hiyo. Ukitaka, mwachie mtumiaji aibadilishe.

Sasa, kama wewe ni Mjaluo, au umeishi Homa Bay kwa wiki moja tu, una hazina nyingine ambayo hakuna Unicode imeitunza kama mama zetu walivyoitunza. Orodha ya majina kwenye simu yako ni saa. Omondi alizaliwa alfajiri, kabla jua halijatoka. Okinyi asubuhi. Onyango jua likipanda, kabla ya adhuhuri. Ochieng' jua likiwaka. Odhiambo jioni. Otieno usiku. Oduor usiku wa manane. Badilisha O iwe A upate dada zao, isipokuwa sasa uwe mwangalifu na kina Adhiambo, hawapendi kuambiwa wamechelewa. Fikiria wijeti inayoandika '4:20, Onyango' badala ya '10:20 AM'. Kila mtu wa kanda hii ataelewa, na nusu ya darasa lako litakuomba faili. CLDR ina hata faili ya Dholuo, ambamo Ijumaa ni Tich Abich, siku ya tano ya kazi. Wakuria wa Kehancha na Isebania wana yao. Kama unajua Kikuria, hapo kuna kazi inayokungoja wewe na si mimi.

Kuna jambo la kasorobo. Simu huhesabu mbele tu: 7:45. Sisi huhesabu mbele na kurudi nyuma: saa mbili kasorobo. Kwa hivyo ukitaka saa yako iseme kama mtu, ikifika dakika ya 45 lazima iruke kwenye saa inayofuata, kisha itoe robo. Dakika 50 ni saa mbili kasoro dakika kumi. Dakika 15 ni na robo, 30 ni na nusu. Ukiruka saa, kumbuka neno la kipindi linaweza kuruka nalo. Simu ikiandika 11:45, utasema saa sita kasorobo mchana au saa sita kasorobo asubuhi? Mimi nasema mchana, kwa sababu ninaangalia mbele kwenye saa sita. Wengine watabisha. Andika msimbo wako kwa namna ambayo kubadilisha uamuzi huu ni kugusa mstari mmoja, si kuubomoa wote.

Nilisema kuna siri ya pili ndani ya Tokyo. Iangalie simu yako Alhamisi jioni. Hapa ikifika 6:00 jioni, Tokyo inafika usiku wa manane, na siku yao inageuka kuwa Ijumaa. Sasa muulize mzee wa Mombasa au Lamu siku inaanza lini. Atakwambia siku huanza jua likizama: usiku baada ya Alhamisi ndio usiku wa Ijumaa. Tokyo inalingana na hesabu hiyo ya Pwani kwa namba na kwa siku. Ila Migori hawahesabu hivyo. Ukimwambia mtu wa Awendo mkutane 'usiku wa Ijumaa', atakuja Ijumaa yenyewe. Magazeti yetu hukwepa kesi hii kwa kuandika 'usiku wa kuamkia Ijumaa', na huo ni ujanja mzuri. Kwa saa yako, chukua namba kutoka Tokyo lakini siku ya wiki na tarehe zitoke Nairobi. Ukisahau, watu watapewa tarehe ya kesho kila jioni.

Hapo mjanja mmoja atauliza: si Waswahili huhesabu kutoka jua likichomoza? Mbona usitumie jua lenyewe? Ni swali zuri. Jibu lake linapitia kwenye ramani.

Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya ile ya Greenwich kwa saa tatu kamili. Saa hiyo ingelingana na jua kama tungekuwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, ambayo inapita mashariki kabisa mwa Kenya, ndani ya Somalia. Homa Bay na Migori ziko karibu na nyuzi 34 na nusu, moja kaskazini na nyingine kusini, kwa hivyo jua huzifikia karibu dakika ile ile. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Piga hesabu: jua la Homa Bay liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban dakika 42. Mombasa wanaliona takriban dakika 21 kabla yako. Kwa wastani jua lako linachomoza 6:39. Halikai hapo mwaka mzima: mapema Novemba huja karibu na 6:22, na katikati ya Februari husogea hadi 6:50 na zaidi. Yaani Februari, ikigonga saa moja asubuhi, jua lina kama dakika kumi tu angani.

Haikuwa hivi siku zote, na ushahidi uko ndani ya simu yako. Kila simu imebeba hazina ya historia ya saa za dunia, na mstari wa Nairobi ndani yake unasoma kama hadithi. Kuanzia 1908 saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Katikati ya 1928 ikawa saa tatu. Mwanzo wa 1930 ikarudishwa mbili na nusu. Mwisho wa 1936 ikawa saa mbili na dakika 45. Ndiyo, dakika 45. Mwisho wa Julai 1942, vita vikiendelea, ikarudi saa tatu, na huko imebaki. Ukiiuliza programu ya Java au Python saa ya Nairobi mwaka 1940, itakupa zile dakika 45 bila kusita. Maana yake ni kwamba babu wa babu yako, enzi za saa mbili na nusu, alikuwa akiona jua la Homa Bay karibu na 6:09 kwa wastani. Saa kumi na mbili yake ilikuwa na jua mlangoni. Yako ina giza, na mtoto anayeenda shule saa hiyo anaenda na tochi. Jua halikusogea. Saa ilisogezwa, na amri haikutoka Migori.

Kwa hivyo ndiyo, unaweza kuunda saa ya jua. Longitudo unaipata kwenye simu, hesabu zake ziko wazi. Lakini usiifanye kuwa saa kuu. Saa moja ya Mombasa haitakuwa saa moja ya Mbita, na ya Februari haitakuwa ya Novemba. Watu wakisema saa moja leo wanamaanisha saba ya ukutani toa sita, si jua. Weka mstari mdogo chini, 'jua limechomoza 12:39', kwa anayetaka kujua, uendelee na safari.

Ukitoka kwenye HTML ukataka wijeti halisi, utahitaji Android Studio, na Android Studio inataka kipakatalishi chenye RAM ya GB 8 kwenda juu. Hiyo ni pesa, najua. Kama huna, MIT App Inventor inafanya kazi ndani ya kivinjari, unapanga vipande kama matofali. Haitakupa wijeti, lakini itakupa apu inayofunguka.

Kwa mwenye Android Studio, usianze kwa kuandika injini kubwa ya kuamsha simu kila dakika. Utaua betri za watu, na wewe unajua stima ya kwetu. Android yenyewe imeweka mpaka: wijeti ikiomba kuburudishwa kwa ratiba ya kawaida, haipewi chini ya dakika 30 kati ya mara moja na nyingine. Njia ni kutumia kijenzi kinachoitwa TextClock, kilichokuja na Android 4.2. Hicho huenda chenyewe, dakika kwa dakika, na kina sehemu ya kuandika eneo la saa. Andika Asia/Tokyo. Mfumo wa kuonyesha, andika h:mm. Umemaliza namba. Mtego uko hapa: kuna sehemu mbili za mfumo, moja ya simu zilizowekwa saa 12 na nyingine za saa 24. Ukijaza ya kwanza tu, mwenye simu ya saa 24 ataona 13:00 ya Wajapani na atafuta apu yako kabla hujamweleza. Jaza h:mm kote.

Neno la kipindi hubadilika mara tano au sita tu kwa siku, kwa hivyo iamshe wijeti mara hizo pekee. Kasorobo iache kwa skrini kubwa ya ndani ya apu. Pembeni, kwa herufi ndogo, acha ile 7:05 AM. Ujumbe wa M-Pesa unakuja kwa AM na PM, barua ya usaili pia, na mtu anahitaji kuona zote mbili bila kupiga hesabu.

Na tafadhali, usimshauri yeyote kubadilisha saa ya simu yenyewe ili isome Kiswahili. Kuna watu hufanya hivyo. WhatsApp inaweza kulalamika kuwa tarehe si sahihi, baadhi ya tovuti zinaweza kukataa kufunguka, na picha zitajipanga ovyo.

Tumebakisha alamu, na huku ndiko ningetaka uweke muda wako mwingi. Mtumiaji asiulizwe AM wala PM. Aone maneno: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Achague usiku, achague saa mbili, na kabla ya kuhifadhi apu imsomee: 'Alamu italia leo saa mbili usiku, baada ya saa tano na nusu.' Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kinga. Aliyekosea atashtuka akisikia muda si aliotarajia.

Tangu Android 6, simu iliyolala huchelewesha kazi za apu ili kuhifadhi chaji, na tangu Android 12 lazima uombe ruhusa maalum ya alamu ya wakati kamili. Baadhi ya simu za bei nafuu huua kabisa apu zisizo mbele ya skrini. Jaribu alamu yako kwenye simu ya chini kabisa unayoweza kuazima, iache usiku kucha bila kuigusa, kisha iwashe upya asubuhi uone kama alamu bado ipo. Usipoisajili tena simu ikiwashwa, itakuwa imepotea.

Jambo lingine si la msimbo. Usiandike neno 'dawa' kwenye skrini. Simu hulia ndani ya matatu, hosteli, nyumbani kwa shemeji. Mwachie mtu aandike anachotaka: 'mpigie Otis', 'maji', au alama ya samaki tu. Usiombe namba ya simu, usiombe mahali alipo kama hakutaka mstari wa jua, na usitume chochote kwenye intaneti. Saa haina haja ya kujua mwenye kuitazama ni nani.

Ukitaka kuiweka Play Store, usajili wa msanidi ni dola 25, unalipa mara moja. Akaunti mpya za watu binafsi hutakiwa pia kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya apu kufunguliwa kwa umma. Darasa moja la Chuo Kikuu cha Rongo au Tom Mboya linatosha. Ukiona ni mlolongo, ile faili ya HTML inatumika kwa WhatsApp kama wimbo.

Kuna nyongeza moja ambayo haimo kwenye saa yoyote niliyoona ikija na simu, na kando ya ziwa ni muhimu kuliko AM na PM kwa pamoja. Wavuvi wa omena wa Mbita, Sindo na Muhuru Bay hutoka usiku na taa za kuwavutia samaki. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haifui dafu, na wengi hupumzika hadi giza lirudi. Kwa hivyo saa yao ina mwezi ndani yake. Hesabu haikutishi: mwezi mwandamo ulikuwepo tarehe 6 Januari 2000, saa tatu na dakika 14 usiku kwa saa zetu. Hesabu siku zilizopita tangu hapo, gawanya kwa 29.53059, ubaki na salio. Salio likiwa karibu na sifuri au 29, usiku ni giza. Likiwa karibu na 15, mwezi ni mpevu. Linaweza kukosea kwa nusu siku hivi, si zaidi sana.

Chora duara dogo kando ya namba, lijae na kupungua kufuata salio hilo. Kisha shuka ufuoni jioni na simu yako, umpe mvuvi aangalie skrini, halafu aangalie juu. Kama haviendani, atakwambia hapo hapo.